Msimu Niliotaka Kuonekana

22 Machi

Maua ya midanzi yamefunguka! Nilifungua dirisha alfajiri, harufu ikaingia chumbani bila hodi, nikamwamsha Skander kwa kumpulizia sikioni.

"Mke wangu, niache, saa kumi na moja hii."

Nikamwambia ni dhambi mwanamume wa Nabeul kulala maua yakifunguka. Akafungua jicho moja, la kushoto, lile zuri zaidi. (Yote mawili ni mazuri. La kushoto limezidi.)

Ndoa yetu bado mbichi, hina ndiyo kwanza inafifia viganjani mwangu. Skander ni fundi umeme wa magari, na mikono yake hunuka waya ulioungua. Naapa hakuna marashi yanayoifikia harufu hiyo. Tunakaa ghorofani, na mama yake, Mama Beya, anakaa chini. Akisikia nyayo zetu hugonga dari kwa mpini wa ufagio: "Kahawa tayari!"

Nimeanza kuandika kwa sababu msimu huu nina jambo. Bwana Anis, mkurugenzi wetu aliyekuja kutoka Lyon kurithi kiwanda cha marehemu ami yake, ametangaza kwamba maua yakiisha atamchagua msimamizi wa wageni. Huyo ndiye atakayewapokea wanunuzi na kulipeleka jina la kiwanda kwenye maonyesho ya Tunis na ng'ambo. Mimi nipo meza ya maua tangu nimalize sekondari. Napokea magunia ya wachumaji, nachambua, napeleka kwenye vyungu vya shaba ambako mvuke wa maua hugeuka maji ya kunukia. Naipenda kazi yangu, lakini watu nawapenda zaidi. Naitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, ukimtoa Skander.

Tatizo ni moja. Bwana Anis hajui hata jina langu.

24 Machi

Leo nimemchunguza Nizar wa idara ya chupa kama mtu anayesomea mtihani. Naye anaitaka nafasi ile, wala hafichi. Mkurugenzi akishuka ngazi, Nizar yuko mlangoni. Mkurugenzi akienda ghalani, Nizar ndiyo anatoka ghalani. Akija mgeni, picha zote Nizar yumo, kidevu juu, mkono begani kwa mtu asiyemjua.

Wakati wa chai nikamwuliza, "Nizar, wewe kazi unafanya saa ngapi?"

Akacheka mpaka akamwaga chai. "Bibi harusi, kazi nafanya. Ila mimi nikifanya nusu, watu wanaona nzima. Wewe unafanya nzima, watu hawaoni hata robo. Mkurugenzi anakuitaje?"

"Dada wa maua."

"Haya. Mimi ananiita Nizar."

Nilitamani kumrushia kikombe. Ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli.

25 Machi

Alhamisi, siku ya hamamu. Mama Beya alinisugua mgongo kama anayeparua samaki, nikafurahi, nikasema moyoni huyu ananipenda. Tukakaa na wanawake wa mtaa kwenye joto. Jirani yetu Bi Mongia akasema, "Beya, mkaza mwanao mzuri, na anaonekana mchapakazi."

"Nani, huyu?" Mama Beya akajibu. "Mchapakazi wa kulala! Yai la kuchemsha linamshinda. Na kifua chake hicho, usiku kucha anakohoa."

Mimi! Ambaye jana tu yeye mwenyewe alilamba bakuli la mchuzi wangu! Wale wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma. Pembeni alikuwepo Bi Lamis, mke wa mkurugenzi, naye mzaliwa wa Lyon, taulo limemfika shingoni, anasikiliza kama mwanafunzi wa mstari wa mbele.

Nimelia begani kwa Skander. Akacheka, mkatili wangu mtamu. "Mama hajawahi kunisifu hata mimi. Nenda mtaani uliza, wengine wanaamini sijui kufunga kamba za viatu."

Haikunifariji. Mama mkwe wangu hanipendi.

28 Machi

Mvua. Maua yaliyolowa hayachumwi. Gereji nayo imefungwa. Sina zaidi la kuandika, na hata ningekuwa nalo nisingeliandika.

30 Machi

Nimesema mbele za watu!

Kwenye kikao cha Jumanne Bwana Anis huuliza kama kuna mwenye jambo, na sisi wa meza ya maua huwa tunatazama viatu vyetu. Leo niliinua mkono.

"Naitwa Ibtihel Gharbi, wa meza ya maua," nikasema, "na nina wazo."

Wazo lenyewe dogo. Tuandike kwenye kila chupa jina la bustani na la familia iliyochuma, ili mnunuzi ajue maji yake yametoka mikononi mwa nani.

Bwana Anis akanitazama. "Ibtihel. Kumbe una jina." Watu wakacheka, akaona haya. "Samahani. Nilitaka kusema, ni wazo zuri."

Jioni nikasimulia yote mezani. Skander akanibusu mkono mbele ya mama yake. Mama Beya akaacha kula.

"Ulisimama peke yako? Wakakutazama wote?"

"Wote, Mama."

"Tano na Alhamisi machoni mwao," akanong'ona neno la kinga la wazee, akasukuma bakuli la kuskusi. Ana wivu, nikajisemea. Hataki ning'ae.

2 Aprili

Tumepiga video! Skander alikuja kiwandani saa ya chakula, akapiga goti kwenye sakafu na simu yake. Mimi nikasimama mbele ya mlima wa maua meupe nikaeleza jinsi familia zinavyotandika shuka chini ya miti, na jinsi bibi mmoja anavyoimba vibaya makusudi ili wajukuu wachume haraka waondoke. Katikati sauti yake ikasikika: "Sogea kwenye mwanga kidogo, roho yangu." Nikacheka mpaka nikashika meza. Tumeiacha hivyo hivyo, tukaiweka mtandaoni.

Mama Beya aliiona jioni. Akapiga kelele kama nyumba inaungua. "Uso wako! Kwa watu hata hatuwajui!" Akaingia chumbani kwake, akatoka na pini ya samaki wa fedha ya kukinga kijicho, akanibandikia ndani ya kola kwa nguvu hadi ikanichoma.

"Samaki juu yako! Kama una wazimu wa kuonyesha uso, basi usiuonyeshe mtupu."

5 Aprili

Nchi nzima inaitazama! Watu wanauliza, "'Roho yangu' ni nani, ana ndugu?" Mnunuzi mkubwa wa Sfax kapiga simu kiwandani akasema hataki kuzungumza na mtu, anamtaka yule binti anayecheka. Bwana Anis alishuka mwenyewe mpaka mezani kwangu: "Ibtihel, njoo simu." Kaniita Ibtihel! Nizar alikuwa mlangoni, kama kawaida. Akanikonyeza.

8 Aprili

Mama Beya kaenda hamamuni bila mimi. "Baki upumzishe kifua chako," kasema. Kifua gani?

9 Aprili

Skander kaniletea tawi la mdanzi lililofungwa kwa waya wa betri. Nimeliweka ndani ya glasi. Nimeliangalia sana.

13 Aprili

Mambo ya ajabu. Mwanamke wa idara ya vifuniko kanipa chupa ya asali na zaatari, "ya kifua." Mwingine kaniambia, "Pole na kuzimia, mwenzangu." Na Nizar, Nizar mwenyewe, kanibebea kiti. Nimemwuliza anaumwa nini. Kasema, "Mimi siumwi." Akanitazama kwa huruma hadi nikajipima homa.

15 Aprili

Nitaandika ninavyoweza.

Bwana Anis aliniita ofisini. Akavuta kiti. "Kaa. Tafadhali kaa kabisa."

Nikakaa kabisa.

"Nataka ujue nathamini kazi yako," akasema. "Ukweli, nilikuwa nimeshakuchagua wewe. Lakini nimesikia habari za afya yako. Kifua, kuzimia, na kwamba familia yako imeamua uache kazi msimu ukiisha. Kazi ya wageni ni kusafiri na kusimama kutwa. Siwezi kukuumiza. Nafasi nitampa Nizar."

Nilitoka nikamkuta mkewe, Bi Lamis, kwenye duka la kiwanda anapanga chupa.

"Bi Lamis, habari za ugonjwa wangu umezipata wapi?"

Akanishika mikono yote miwili. "Kwa mama mkwe wako, hamamuni. Kila Alhamisi anatueleza. Maskini, namna anavyokuhurumia! Juma lililopita alisema umepiga video ukazimia."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mtaa mzima unanukia, kila ua umeanika maua kwenye shuka, na mimi nimeyakasirikia maua. Nilikuwa nimechaguliwa. Nilikuwa tayari nimechaguliwa! Na mtu anayegonga dari kuniita kahawa ndiye aliyeninyang'anya.

Skander alitaka kushuka amkabili mama yake. Nimemkataza. Ni mama mkwe wangu, nitashuka mwenyewe.

16 Aprili

Nilimkuta uani amekaa chini, maua mapajani, anayatayarisha kwa chungu chake cha nyumbani. Nikakaa mbele yake.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona unanisema? Mvivu, mgonjwa, sijui kupika, nazimia. Mkurugenzi kasikia yote. Kaninyima nafasi."

Maua yakamwanguka mkononi.

"Kabla ya Skander kulikuwa na Naila," akasema.

Sijawahi kulisikia jina hilo nyumbani humu.

"Alikuwa mnono, ana meno mawili tu na anacheka kwa yote mawili. Nikampeleka hamamuni, nikamwinua juu hivi, nikasema, nani kati yenu ana kama huyu? Wakamtazama wote. Hakumaliza juma. Daktari alisema homa. Acha aseme." Akafuta uso kwa mkono uliojaa harufu ya maua. "Skander nikamwita mbovu tangu siku ya kwanza. Mbovu, mjinga, hali, halali. Unamwona alivyo. Halafu ukaja wewe, ukaingia na kicheko chako kama mtu anayefungua madirisha. Nikasema, Beya, huyu ni wa kufichwa sana. Ukasimama kikaoni, nikakuongezea kikohozi. Ukaonekana kwenye simu za watu, nifanyeje? Nikakuzimisha."

"Nikadhani hunipendi."

"Nisingekupenda ningekusifu!" akafoka. "Na nani kaamini? Nabeul hii hakuna anayemwamini mama mkwe hamamuni! Mongia anasema mkaza mwanawe kiziwi, na anasikia mpaka paka akipita."

"Bi Lamis kaamini."

Mama Beya akajipiga kichwa, petali zikabaki kwenye nywele. "Yule wa Lyon! Ndiyo maana alikuwa ananitumbulia macho. Nilifikiri ni adabu!"

Na mimi, Mungu nisamehe, nikacheka. Nikacheka na kulia, naye vilevile, hadi Skander akachungulia dirishani akauliza nani kafa. Niliinuka pale na mama mkwe mwingine kabisa. Lakini nafasi bado ni ya Nizar.

19 Aprili

Nimerudi kwa Bwana Anis bila kuitwa. Sikukaa.

"Niangalie," nikasema. "Sikohoi. Siachi kazi. Maishani nimezimia mara moja, siku ya kuchumbiwa, na hata hiyo nilijifanya ili Skander anidake."

"Basi kwa nini familia yako waseme unaumwa?"

Ningeweza kusema mama mkwe wangu mwongo. Lilifika ulimini, nikamkumbuka Mama Beya na petali zake kwenye nywele, nikalimeza.

"Kwa sababu wananipenda."

Akakuna kichwa. "Sielewi."

"Najua. Kaa hapa misimu miwili mitatu utaelewa."

Akacheka kidogo. Jumamosi tunafungua milango kwa wanunuzi na watu wa mji. Nizar ndiye angezungumza. Sasa tutazungumza wote wawili, kisha ataamua hapo hapo. Nilipotoka Nizar alikuwa mlangoni, na hakujifanya hakusikia. "Afadhali," kasema. "Kumshinda mgonjwa kungenitia aibu."

21 Aprili

Mazoezi ghorofani. Skander alikuwa mnunuzi mkorofi kutoka Marseille, kavaa kofia yangu ya harusi. Nilipofika sehemu nzuri zaidi dari ikagongwa kwa ufagio. Tukanyamaza.

"Sauti!" Mama Beya akaita kutoka chini. "Huku sisikii kitu!"

24 Aprili

Jioni. Bado nacheka peke yangu. Nianzie wapi?

Ua wa kiwanda ulitandikwa mikeka, vyungu vya shaba vinang'aa, wanunuzi mbele, watu wa mji nyuma, na wanawake wote wa mtaa wetu upande mmoja. Nizar alianza. Alikuwa mzuri, siwezi kumnyima. Alitania, akazunguka, akapigwa picha na watu ambao hawakutaka.

Kisha mimi. Nikasimama, nikafungua mdomo, na neno la kwanza likakwama. Nikakohoa kidogo kulisukuma.

Nilikohoa! Siku zote za mwaka, nikachagua hapo!

Bi Lamis akamnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono unaofika barabarani: "Maskini, kifua." Vichwa vikageuka. Wanunuzi wakanitazama kama mtu anayetazama kikombe chenye ufa. Bwana Anis akaanza kuinuka aje anisaidie nikae.

Mama Beya akainuka kabla yake. Mtandio ulikuwa umemshuka begani.

"Hana kifua huyu!" akasema. "Mzima! Kifua nilimpa mimi, na kuzimia nilimpa mimi. Nilisema uongo. Huyu ni mkaza mwanangu Ibtihel. Anaamka kabla ya jogoo. Mchuzi wake wa samaki unanikumbusha mama yangu. Nyumba yangu ilikuwa kimya tangu nifiwe na mume wangu, sasa nikisikia anacheka juu nakaa chini nacheka nisijue nacheka nini. Hakuna kama yeye Nabeul hii." Akafumba macho, kama mtu anayeruka mtoni. "Nimesema. Mtazameni!"

Mimi na Skander peke yetu ndio tuliojua amelipa nini.

Wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja. "Samaki juu yake!" "Tano juu yake!" Kisha Bi Mongia akasimama, mkono kiunoni. "Kumbe imekuwa hivyo? Basi na wangu si kiziwi! Anasikia, na anashona mpaka macho yanamtoka!"

"Wangu ana shahada!" mwingine akapiga kelele. "Niliwaambia alifeli!"

"Tulijua!" wakajibu wengine. Vicheko, vigelegele, mabinti wakwe wanajificha nyuso. Bwana Anis akamshika Nizar mkono. "Kuna nini?"

"Wanasema kweli, bwana," Nizar akasema. "Piga picha, haitatokea tena."

Basi sauti yangu ikaja, ikaja yote. Niliacha maneno niliyokariri. Niliwaambia wageni, "Mmeona wenyewe. Mji huu tukikipenda kitu tunakificha. Maji yetu mazuri kuliko yote yamo makabatini mwa mama zetu, hamjawahi kuyaonja, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuyasifu. Mimi nimekuja kuyasifu." Nikawaita wachumaji kwa majina, mmoja mmoja, wakasimama. Nikamshika mnunuzi wa Sfax nikamtumbukiza mikono ndani ya maua hadi viwikoni. Akacheka kama mtoto.

"Ndiye huyu!" akasema. "Na 'roho yangu' yuko wapi?"

Nyuma kabisa, mume wangu akainua mkono, masikio mekundu. Sijawahi kumpenda vile.

Bwana Anis hakuchelewa. "Msimamizi wetu wa wageni," akatangaza, "ni Ibtihel Gharbi. Nizar atakuwa msaidizi wake." Alilitamka jina langu lote, bila kukosea. Nizar alinifikia kabla ya Skander na akawahi kuingia kwenye picha. "Msaidizi wako!" akasema kwa furaha. "Sasa nitaonekana mara mbili."

Nilimtafuta Mama Beya nimkumbatie. Alikuwa ameshaondoka. Tulipofika nyumbani mlango wake ulikuwa umefungwa, na ubani unafuka chini ya kizingiti.

25 Aprili

Asubuhi Skander alikuwa ameshuka kununua mkate. Nilisikia mlango wetu ukifunguliwa taratibu, nikajifanya nimelala. Nikahisi kiganja kwenye paji la uso wangu. Kikashuka shavuni, kikarudi kwenye paji. Kisha sikio likalala juu ya kifua changu, likasikiliza. Nywele zake zilinukia ubani. Sidhani alilala hata kidogo.

"Hana homa," alijiambia.

"Sina, Mama."

Akaruka nusura aanguke. "Uko macho, shetani wewe!" Akanipiga bega, akalishika hilo hilo bega asiliachie. "Hujakohoa?"

"Sijakohoa."

"Kichwa?"

"Kizima."

Alikaa ukingoni mwa kitanda akanitazama, waziwazi, bila kutema pembeni wala kusema neno la kinga. Nami nikamwacha anitazame mpaka atosheke.

"Basi inuka," akasema mwishoni, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wageni wanakusubiri bustanini. Na pitia barabara kubwa, usipite uchochoroni. Nimewaambia majirani wakae madirishani."